Kubadili Programu za Ofisi: Tuanzie Wapi?

Ndugu wanachama, wengi kati yenu mnaoweka hesabu za shamba katika kompyuta mwatuuliza swali moja. Matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Je, tuzitupe nazo bado nzima, au tuhamie Linux, mfumo usiolipiwa?

Sisi twaona Linux yafaa, lakini swali hilo si la kwanza. Mfumo ni ghala tu. Mali ni daftari lililomo ndani: pishi za wachumaji, fedha walizotangulizwa, kilo za karafuu na za makonyo. Yafaa kwanza tujue kama daftari litasomeka huko tuendako, maana Excel mliyoizoea haikutengenezewa Linux.

Iko LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, nayo hailipiwi. Uzuri wake ni kwamba hufanya kazi katika Windows na katika Linux vilevile. Basi itieni sasa katika Windows yenu ya zamani, mfanye nayo kazi msimu mmoja, Excel ikiwapo bado pembeni. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilipoamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000, lilitanguliza LibreOffice; Linux iliachwa ifuate.

Katika kujaribu, msichukue faili jipya jepesi. Chukueni lile gumu kuliko yote. Sisi tulifungua daftari la wachumaji. Jumla za pishi zilitoka sawa, na malipo kadhalika. Lakini kitufe tulichozoea kukibonyeza ili kichape hati ya kila mchumaji kilikaa kimya! Nyuma yake mlikuwa na makro, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya Excel, na LibreOffice huyafuata baadhi tu. Karani wetu alishinda siku mbili akiyaandika upya. Lau tungaligundua hayo siku ya malipo, vibarua wamejaa barazani, tungaliwaambia nini?

Barua ni jambo dogo. Zilizoandikwa kwa herufi za Calibri huonyeshwa kwa Carlito, ambazo upana wake ni uleule, kwa hiyo mistari haihami sana. Faili la kupelekewa mnunuzi mwenye Excel lihifadhini kwa namna ya xlsx. Hati isiyotakiwa kubadilishwa itoeni kama PDF.

Kisha chapeni jumla za msimu kutoka programu zote mbili, mzilinganishe mstari kwa mstari. Pakitofautiana hata senti moja, msihame mpaka sababu ijulikane. Na mwenye programu ya hesabu aliyoinunua dukani, iliyotengenezewa Windows peke yake, na awaulize kwanza waliomwuzia, kabla hajagusa lolote.