Masikio Yaliyofunikwa Nayo Husikia: Somo Kuhusu Visikilizio vya Kinga



Katika mikutano yetu na wakazi wa mipakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, tumekuwa tukiulizwa kwa nini baadhi ya askari huonekana wamefunika masikio kwa vikombe viwili vizito vyenye kijiti cha kuzungumzia mdomoni. Wapo wanaodhani kuwa askari wa namna hiyo anasikiliza muziki. Wapo wanaomhesabu kuwa mwenye kiburi asiyetaka maelezo ya raia. Na wapo wanaoamini kwamba hasikii lolote, hivyo hapana haja ya kusema naye.

Dhana zote tatu si sahihi, nazo zina hatari. Penye kizuizi cha barabarani usiku, amri isiyosikika au jibu lisiloeleweka laweza kugeuza ukaguzi wa kawaida kuwa msiba. Kwa sababu hiyo tumeona vema somo la toleo hili lieleze kifaa hicho ni nini, kinafanyaje kazi, na yapi yawapasa raia na askari ili wasikilizane.

Sikio na sauti kubwa

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia desibeli 60 hivi. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa muda usiozidi saa 8 kwa siku. Wengi wao hufuata kanuni kwamba kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150 karibu na sikio la mpigaji. Hapo hatuhesabu tena saa wala dakika, kwani hata mlio mmoja waweza kudhuru.

Ndani kabisa ya sikio mna mfereji uliojikunja kama gamba la konokono. Humo mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti ili upelekwe kwenye ubongo. Kelele kubwa huziua chembe hizo, na kwa binadamu zikisha kufa hazioti tena. Dalili za mwanzo ni masikio kuvuma baada ya kelele, na kusikia watu wakinena bila kuyapambanua maneno, hasa yenye sauti nyembamba kama s, f na sh.

Kifaa kinavyofanya kazi

Visikilizio vya kinga, ambavyo wengi huviita hedifoni, hutenda mambo mawili kwa pamoja: hulinda masikio na hupeleka mawasiliano. Vikombe vyake vimezungushiwa sponji inayobana kichwa pande zote. Vikivaliwa ipasavyo, vingi hupunguza kelele kwa desibeli 20 hadi 30.

Nje ya vikombe kuna maikrofoni ndogo. Hizo hudaka sauti za jirani, kama vile hatua za miguu, mlango unaofunguliwa au mtu anayesalimu, na kuzipitisha ndani; askari akitaka, aweza hata kuzikuza. Sauti inapozidi kiwango kilichowekwa, ambacho mara nyingi ni karibu na desibeli 82 hadi 85, mtambo wa ndani huacha kuikuza au huishusha papo hapo. Kifaa hiki ni kama bawabu mwema: mgeni mpole humpisha, mwenye fujo humzuia mlangoni. Waya wake huungana na redio ya upepo, na kitufe cha kuzungumzia huvaliwa kifuani.

Kanuni za kukivaa

Tunazitaja kanuni hizi kwa sababu kadhaa kati yake zamfaa pia fundi avaaye vikinga masikio vya kawaida.

1. Kagua sponji kabla ya kazi. Ikipasuka au ikikauka na kuwa ngumu, kelele hupenya.
2. Ondoa nywele, kofia au kitambaa kati ya sponji na ngozi. Hata mikono minene ya miwani huacha upenyo.
3. Hakikisha betri zina nguvu. Zikiisha, vikombe huendelea kukinga, lakini sauti za jirani hazipitishwi tena, na askari hubaki kama mtu aliyeziba masikio.
4. Bonyeza kitufe, ngoja kama sekunde moja, sema kwa ufupi, kisha achia. Redio za aina hii hazitumi na kupokea kwa wakati mmoja. Anayeshikilia kitufe huwanyima wenzake nafasi.
5. Penye milio mikubwa sana, vizibo vya sponji huvaliwa chini ya vikombe. Lakini kinga mbili hazijumlishwi kama fedha: ya pili huongeza desibeli 5 hadi 10 hivi tu.

Unapozungumza na askari aliyekivaa

Anakusikia, kwa hiyo usipige kelele. Tamka wazi, na aseme mmoja baada ya mwingine, maana sauti za watu wengi zikiingia kwa pamoja huchanganyika.

Kifaa hiki kina udhaifu mmoja ambao kila mkazi wa mpakani yampasa aufahamu. Sikio lililo wazi hutambua kwa urahisi sauti inatoka upande gani. Lililofunikwa hupoteza sehemu ya uwezo huo, na mara nyingi huchanganya mbele na nyuma. Anayemwita askari kutoka gizani nyuma ya mgongo wake aweza kumshtua bila kukusudia. Mkaribie kwa mbele, mahali penye mwanga, mikono yako ikionekana.

Akiinua kiganja huku amebonyeza kitufe kifuani, hajakudharau. Huenda sauti nyingine inasema sikioni mwake. Ngoja kidogo, atakurudia.

Askari naye ana wajibu wake. Yampasa amtazame raia usoni, arudie kwa kifupi alichoambiwa ili kuhakikisha ameelewa, na pasipo hatari ya milio afungue sikio moja.

Asiyesikia kabisa

Hili ndilo jambo tunalolisisitiza kuliko yote. Neno "Simama!" halimfikii kila mtu. Yupo mwendesha bodaboda mwenye helmeti huku injini ikinguruma. Yupo mzee ambaye masikio yamechoka. Yupo kiziwi tangu kuzaliwa. Kimya chao si ukaidi. Askari yampasa aongeze ishara ya mkono na mwanga wa tochi, na ampe mtu nafasi ya kuona kabla ya kumhesabu kuwa amekataa amri. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imetaja katika malengo yake kwamba serikali ihimize ukuzaji wa lugha ya ishara kwa viziwi; nasi polisi tunapaswa kujifunza walau ishara za msingi.

Jamaa za viziwi nazo zaweza kusaidia. Kwa ridhaa ya mhusika, mjulisheni mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu. Mfundisheni, anapomulikwa tochi, asimame, aonyeshe viganja vyote viwili, kisha aelekeze kidole sikioni na kupunga mkono kuonyesha kwamba hasikii. Asiingize mkono mfukoni ghafla.

Kinga si ya askari peke yake

Mwenye mashine ya kusaga, fundi anayekata vyuma kwa grinda na mlinzi anayekesha kando ya jenereta wamo katika hatari hiyo hiyo. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa hamwezi kusikizana na mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja bila kupaza sauti, kelele imekwisha kuwa ya kudhuru. Pamba haitoshi, wala hedifoni za muziki si kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Anayesikia mvumo usiokoma amwone daktari mapema.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Ni nani katika kijiji chetu hasikii vizuri, naye hupita njia gani usiku?
2. Ni kazi zipi hapa kwetu zenye kelele inayozuia mazungumzo, na wafanyao hujikinga kwa nini?
3. Ni ishara gani za mkono ambazo sisi na askari wetu twaweza kukubaliana nazo?

Majibu yenu yaleteni kwa afisa wa polisi jamii wa kituo chenu. Kwa dharura, pigeni simu nambari 999 au 112.