Uyoga Mwekundu wa Miti Iliyoanguka

Ukipita katika pori la Katanga, mahali miti ilipokatwa na kuachwa juani, utaona juu ya magogo uyoga mwekundu kama moto. Hauna mguu mrefu kama uyoga wa kula. Umeshikamana na gogo kwa ubavu, kama sikio. Upana wake mara nyingi ni centimita 3 mpaka 7. Ukiugeuza, utaona chini yake vitundu vingi vidogo sana. Hauliwi, maana ni mgumu kama ngozi kavu.

Sasa sikiliza vizuri. Kile unachokiona nje ni kama tunda tu. Uyoga wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizo ndani ya mti, nazo zinaula. Katika vile vitundu hutoka mbegu laini kuliko unga, na upepo huzichukua. Zikiangukia gogo lenye majimaji, zinaota. Tunda likionekana, nyuzi zimekwisha kufanya kazi ndani. Kwa hiyo kubandua uyoga kwa kisu hakuponyi mti.

Mti ulioliwa hivyo ni mweupe na mwepesi, tena huvunjika bila nguvu. Usiufanye nguzo ya nyumba: watoto wako watalala chini yake. Usiutie katika tanuru ya makala: makala yake ni mepesi na huvunjika ndani ya gunia. Nani atayanunua?

Mti ukikauka hata maji yake yapungue chini ya 20 kwa 100, nyuzi haziwezi kuula. Basi fanya hivi:

1. Ukikata miti ya kujenga, usiilaze chini. Itoe maganda upesi.

2. Ipange juu ya mawe, uache nafasi kati ya mti na mti, upepo upite.

3. Ifunike juu kwa nyasi, mvua isiilowanishe.

4. Ukijenga, paa litokeze nje ya ukuta, na maji ya mvua yapite mbali na nguzo.

Gogo lililokwisha kuoza, liache porini. Uyoga huu si adui wa pori. Kazi yake ni kuurudisha mti uliokufa udongoni, nao udongo unapata chakula. Kazi yako ni kuuzuia usile nyumba yako.

Maulizo

Kwa nini kubandua uyoga hakuponyi mti?

Miti uliyoikata wewe imelala wapi leo?