Safari ya treni hadi Singida: panga kwa saa za mwanga

Wengi waendao Singida kutoka pwani hupanda basi, wakafika wamechoka na hawakuona kitu. Treni ina zawadi ambayo barabara haitoi. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, hukutana na milima mara mbili kabla ya kuingia uwanda wa juu wa Singida: kwanza Kilosa, kisha Saranda, ambako hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Asiyepanga vizuri hupita sehemu zote mbili usiku. Kwa hiyo kabla ya nauli, hoteli au mizigo, uliza jambo moja: treni itapita Kilosa na Saranda saa ngapi?

Gawa safari vipande viwili

Kipande cha kwanza ni Dar es Salaam hadi Dodoma kwa SGR, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Chagua ya asubuhi. Kaa dirishani upande wa kushoto ukitaka kuiona Milima ya Uluguru mnapokaribia Morogoro. Baada ya hapo usisinzie. Mkifika Kilosa, reli inajipenyeza kati ya Milima ya Rubeho, kushoto kwako, na Ukaguru, kulia. Reli ya zamani hufuata bonde la Mto Mkondoa kwa kujipinda. SGR imetobolewa mahandaki. Mandhari huja na kupotea ghafla, basi simu ya kupigia picha iwe mkononi mapema.

Lala Dodoma. Kumbuka kwamba stesheni ya SGR iko Mkonze, nje kidogo ya mji, na ile ya reli ya zamani iko katikati ya jiji. Tafuta nyumba ya wageni karibu na stesheni utakayoondokea, si ile uliyofikia.

Kipande cha pili ni Dodoma hadi Manyoni, mkoani Singida, kwa treni ya reli ya zamani. Hiki ndicho kiini cha safari. Treni huteremka hadi tambarare ya Bahi, nchi ya majaruba ya mpunga na maji yaliyotuama wakati wa masika, kisha ukuta wa Bonde la Ufa unasimama mbele yenu. Kuanzia Saranda treni hupunguza mwendo na kupanda kwa kujizungusha. Hapo toka kwenye kiti, simama kwenye ujia wa behewa ili uone pande zote mbili, na tazama nyuma: tambarare ya Bahi inabaki chini, inapanuka kila kona. Usining'inie mlangoni hata ukiona wengine wanafanya hivyo.

Ratiba ikikataa, geuza safari

Treni za reli ya zamani hazipo kila siku, na saa zake hubadilika. Thibitisha na Shirika la Reli Tanzania (TRC) wiki ya safari yako, kisha uulize tena siku moja kabla. Ukikuta treni ya kwenda inapita Saranda usiku, nenda Singida kwa basi na urudi kwa treni, iwapo ile ya kurudi inapita mchana. Mlima ni uleule, na kuteremka kuelekea Bahi kuna uzuri wake.

Chagua mwezi

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua kubwa zimewahi kukata reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na abiria wakakwama. Mwezi bora ni Mei au Juni: ardhi bado ina kijani, anga imetakata, na hatari ya mafuriko imepungua. Julai ni salama pia, ila beba sweta. Usiku wa Singida una upepo na baridi.

Tiketi, chakula na fedha

Beba kitambulisho na ufike stesheni mapema, hasa ya SGR, ambako kuna ukaguzi kabla ya kupanda. Familia inayosafiri kwa behewa la kulala ikate chumba kizima, vinginevyo inaweza kutenganishwa. Chukua maji ya kutosha, na noti ndogondogo za kununulia vyakula vya wachuuzi wanaokuja madirishani. Lipa na upokee chenji kabla treni haijaanza kutembea.

Ukishuka Manyoni

Usikimbilie Singida siku hiyohiyo. Kodi gari mwende Kilimatinde, mji mkongwe ulio ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambako Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi kabla ya reli. Reli ilipita Manyoni, na makao ya wilaya yakaifuata. Kutoka Kilimatinde utaona kutoka juu bonde lilelile ulilovuka kwa treni.

Kesho yake panda basi dogo la kwenda Singida mjini kupitia Ikungi, mwendo wa kama saa mbili kwa lami. Mjini kuna maziwa mawili ya magadi, Singidani na Kindai, yaliyozungukwa na majabali makubwa ya mawe. Nenda ziwani alfajiri, ndege wakiwa wengi. Jioni agiza kuku wa kienyeji, maana ndiye aliyeupa mkoa huu umaarufu, na kabla ya kuondoka nunua asali na mafuta ya alizeti.

Safari hii haihitaji pasi ya kusafiria wala fedha za kigeni. Wapo Watanzania wanaotamani treni za milima ya Uswisi, na bado hawajawahi kuuona ukuta wa Saranda. Wapeleke watoto wako wauone mchana, na uwaeleze kwamba mlima huo ni wa kwao.