Mtoto Akishakua, Mwachieni Nafasi



Bungoma, vijana wa Kibukusu hutahiriwa mwezi wa Agosti, katika miaka kama 2022 na 2024. Siku hiyo kijana huonywa mbele ya watu: sasa wewe ni mwanamume, jibu kwa matendo yako. Lakini akifika miaka 22, baba anamchagulia kozi, mama anapekua simu yake, na shangazi anamkataa mchumba kwa sababu ya kabila. Je, maonyo yale yalikuwa ya bure?

Jambo hili si la Wabukusu peke yao. Kitale, ambako Wabukusu, Waturkana, Wapokot na Wakikuyu ni majirani, kila nyumba ina kamba yake. Mmoja humfunga mwana kwa shamba: "Ukimwoa huyo, sahau ekari zako." Mwingine hutumia karo, mwingine machozi.

Mama Kanisa anafundishaje? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2230, inaeleza kwamba watoto wakishakuwa watu wazima wana haki na wajibu wa kuchagua kazi na hali yao ya maisha. Wazazi wasiwashurutishe, bali wawashauri kwa busara. Tena, kwa kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa, ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, nayo yataka hiari ya wote wawili.

Mwana anayebanwa hujifunza kuficha. Huishi na mwenzake mjini bila sakramenti, na wazazi hupata habari mjukuu akiwa ameshazaliwa. Ndoa yenu nayo huumia: baba anakataza, mama anatuma pesa kwa siri.

Basi fanyeni hivi:

1. Zungumzeni kwanza ninyi wawili, faraghani, mpate sauti moja.
2. Toeni shauri waziwazi pamoja na sababu zake, kisha msikilizeni.
3. Msiligeuze shamba wala karo kuwa kamba.
4. Mkiona hatari ya kweli, kama ulevi, kipigo, au mchumba mwenye ndoa nyingine, semeni bila woga. Kunyamaza hapo si heshima.

Maswali ya kujadiliana jioni hii: Ni jambo gani ambalo bado tunamwamulia mtoto wetu mkubwa? Je, tunahofia maisha yake, au maneno ya majirani?