SOMO LA WIKI: Bei ya nyanya husomwa kitaluni, si sokoni

Kila mwaka masika inapokaribia kwisha, bei ya nyanya katika soko la Kilombero mjini Arusha hupanda, na mtu mwenye akiba kidogo hushawishika kwenda Momela na Ngarenanyuki kukodi shamba. Huona sado moja inauzwa kwa bei ya sado mbili za miezi michache iliyopita, akaamini kwamba ameiona faida. Kwa kweli alichokiona ni faida ya mwenzake aliyepanda zamani. Wengi wamepoteza mtaji wao wote kwa kosa hilo moja, na si kwa sababu ya uvivu wala ujinga wa kilimo.

Nyanya hukaa kitaluni kwa muda wa wiki nne hivi. Miche ikishahamishiwa shambani, chumo la kwanza hupatikana baada ya siku 75 hadi 90, kutegemea mbegu na baridi. Upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru baridi ya Juni na Julai ni kali, na matunda huchelewa kuiva. Kwa hiyo anayemwaga mbegu katikati ya Mei kwa kuvutiwa na bei ya Mei atachuma mwanzoni mwa Septemba. Bei atakayoikuta itatokana na idadi ya watu waliovutiwa kama yeye.

Bei ya Mei ina sababu zake. Mvua za masika huleta bakajani, ugonjwa ambao unaweza kumaliza shamba kwa siku chache, na barabara ya kutoka Usa River kupitia hifadhini hadi Momela na Olkung'wado huwa ngumu kwa magari ya mizigo. Mzigo ukiwa haba, bei hupanda. Mvua ikikatika, sababu zote mbili huondoka kwa pamoja, na wakulima wote hurudi shambani wiki zile zile.

Ndiyo maana wafanyabiashara wazoefu wa matenga, wanaopeleka mzigo Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600, hawamuulizi mkulima bei ya leo. Humuuliza amemwaga mbegu lini, na jirani yake je? Vitalu vikijaa kando ya mifereji, wanajua kwamba miezi mitatu hadi minne mbele tenga litashuka. Vikiwa vichache wakati bei ya sokoni iko chini na watu wamekata tamaa, huo ndio wakati wao wa kutafuta shamba. Mahindi, maharage na vitunguu vinaweza kusubiri ghalani hadi bei ipande. Nyanya iliyoiva haisubiri, na hapo mnunuzi ndiye hupanga bei.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Ekari moja imegharimu shilingi 1,500,000 kwa kukodi ardhi, mbegu, mbolea, dawa na vibarua, nayo inatoa matenga 300. Kila tenga limeshabeba gharama ya shilingi 5,000 kabla halijachumwa. Kuchuma, kufunga na kusafirisha ni shilingi 3,000 nyingine. Jumla ni 8,000. Tenga likiuzwa 20,000, mkulima anacheka. Likishuka hadi 6,000, wengi hukasirika na kuacha nyanya zioze shambani, na hapo hukosea mara ya pili. Kwa bei ya 6,000 kila tenga linarudisha 3,000 juu ya gharama za kuchuma na kusafirisha, yaani 900,000 kwa ekari. Hasara itakuwa 600,000. Akiacha kuchuma, hasara ni 1,500,000 nzima. Ni pale tu bei inapopita chini ya 3,000 ndipo kila tenga linalochumwa huongeza hasara, na kuacha huwa busara.

Jambo la maji linahitaji tahadhari ya peke yake, hasa kwa mwekezaji wa mjini. Anayefika Momela mara ya kwanza huona maziwa yametandazwa mbele yake na kudhani maji si tatizo. Maziwa yale yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na maji yake ni ya magadi. Yanawafaa heroe, si nyanya. Upande huu wa mlima hupata mvua kidogo kuliko ule wa kusini wenye kahawa na migomba, na kilimo cha kiangazi hutegemea mifereji na zamu. Ekari ya bei nafuu isiyo na zamu ya maji inayoeleweka ni ghali. Swali la zamu liulizwe kwa wanaosimamia mfereji, si kwa dalali wa shamba, na liulizwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Tena tangu mwaka 2014 hesabu ya vitalu peke yake haitoshi. Mwaka huo nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, Tuta absoluta, alithibitishwa kuingia Tanzania, na aligunduliwa huku huku Arumeru. Wakulima walimpa jina la kantangaze. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, kisha huingia kwenye tunda, na shamba lisilodhibitiwa linaweza kupotea karibu lote. Kwa mfanyabiashara maana yake ni kwamba kitalu kilichojaa si dhamana ya mzigo kufika sokoni. Mwaka ambao kila mtu anatarajia mrundikano unaweza kugeuka mwaka wa uhaba, na aliyekuwa na fedha ya dawa na macho ya kukagua majani kila siku ndiye anayeuza.

Kwa hiyo anayetaka kuweka fedha katika zao hili afanye safari mbili. Ya kwanza ni mwishoni mwa Mei, kuhesabu vitalu kutoka lango la Momela hadi Olkung'wado na kuuliza mbegu zilimwagwa lini. Ya pili ni katikati ya Julai, kutazama ni kiasi gani cha miche ile kimesimama shambani, na majani yake yana michoro ya kantangaze au la. Atakachokiona Julai ndicho atakachokikuta Kilombero mwezi Septemba.