Saba juu ya kumi ni ngapi? Maana ya alama katika tahakiki za michezo ya konsoli

Mdogo wangu aliweka akiba miezi mitatu ili anunue diski moja ya PlayStation 4, diski ambayo mtu mwingine alikuwa ameshaitumia. Kabla ya kutoa pesa alinijia, maana mimi ndiye ninayesoma Kiingereza nyumbani: «Yaya, ile jeu banaipatia ngapi?» Nikatafuta kwenye simu, nikakuta tahakiki mbili, zote zimeupa mchezo ule 6.5 juu ya 10. Nikamtajia namba, bila kuongeza neno. Yeye akapiga hesabu upesi: 13 juu ya 20. Umepita! Akanunua. Siku ya pili mchezo ulikuwa umemchosha kabisa, na siku ya tatu akaniuliza kwa nini nilimdanganya.

Sikumdanganya. Namba niliyompa ndiyo iliyoandikwa. Hata hivyo alikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu nilimtafsiria vibaya, na nilifanya hivyo kwa kuacha kutafsiri. Nilidhani namba haihitaji tafsiri. Hapo ndipo penye swali la makala haya: alama ya mhakiki ni hesabu, au ni neno kama maneno mengine?

Sisi wa isimu tunalijua jibu la Ferdinand de Saussure hata kama yeye hakuwahi kuona konsoli. Katika kozi yake iliyochapwa mwaka 1916 anafundisha kwamba alama ya lugha haina thamani peke yake. Thamani yake inatokana na zile zinazoizunguka. Mfano aliopenda ni mchezo wa sataranji: kete haina nguvu nje ya ubao. Tuichukue 7 hivyo hivyo. Ukitaka kujua maana yake, usiulize ni ngapi katika kumi. Uliza wahakiki wanatumia namba zipi nyingine, na wanaziweka wapi. Ukisoma tahakiki za michezo mikubwa ya konsoli utaona kwamba nyingi zinakaa kati ya 7 na 9. Namba 1 hadi 4 zipo katika kipimo, ila hazitumiki sana, kama maneno ya kamusi ambayo hakuna anayeyasema. Kwa hiyo ngazi halisi inaanza karibu na 6, na 7 iko chini, jirani na mlango wa kutokea. Mdogo wangu aliisoma 6.5 katika ngazi yenye vidato kumi. Aliyeiandika alikuwa na vidato vinne.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote nimeukuta Metacritic, tovuti ya Marekani iliyoanza mwaka 2001. Kazi yake ni kukusanya alama za wahakiki wengi, kuzigeuza zote ziwe juu ya 100, kisha kutoa wastani ambamo baadhi ya vyombo vina uzito kuliko vingine. Wastani huo unapewa rangi: kijani ni kizuri, manjano ni katikati, nyekundu ni kibaya. Sasa angalieni. Filamu ikipata 61 inapewa kijani. Mchezo wa video ukipata 61, au hata 74, unapewa manjano. Kijani chake kinaanza 75. Tovuti ni ileile na kipimo ni kilekile cha 100, lakini namba 70 inasema «nzuri» kwa filamu na «hivi hivi» kwa mchezo. Wenye tovuti wenyewe wamekiri, kwa rangi, kwamba wanasoma lahaja mbili za namba.

Kwa nini wahakiki wa michezo wamepandisha sakafu juu hivyo? Sababu moja ni ya kawaida: michezo mibovu kabisa haifiki mezani pa mhakiki, kwa kuwa hakuna anayetaka kupoteza saa thelathini juu yake. Sababu nyingine, inayotajwa mara nyingi, ni shule. Katika shule nyingi za Marekani mwanafunzi mwenye 90 juu ya 100 anapata A, mwenye 80 anapata B, mwenye 70 anapata C, na chini ya 60 ameanguka. Mtoto aliyelelewa na kipimo hicho akikua na kuwa mhakiki, mkono wake utaandika 7 pale anapotaka kusema «wastani».

Na sisi? Katika chuo chetu tumezoea kwamba asilimia 70 ni «distinction». Ni siku ya poda kichwani na picha kwenye ngazi za jengo. Mama yangu alinunua kuku kwa ajili ya 14 juu ya 20. Basi pale Mmarekani anapoandika «wastani», Mkongomani anasoma sherehe. Kosa la mdogo wangu halikutoka kwenye hesabu yake, maana 6.5 juu ya 10 ni 13 juu ya 20 kweli. Lilitoka kwenye shule iliyo ndani ya namba. Wenzetu wanaosoma tovuti ya Kifaransa jeuxvideo.com, ambayo inatoa alama juu ya 20, wasidhani kwamba wao wamepona. Namba 14 ya pale ikifika Metacritic inageuka 70, na 70 tumeona rangi yake.

Kuna mahali namba inafanya zaidi ya kusema. J. L. Austin alitufundisha kwamba kuna maneno ambayo ukiyatamka umetenda, na miongoni mwake aliweka hukumu, kama ile ya jaji au ya mwamuzi uwanjani. Mwaka 2010 studio ya Obsidian ilitengeneza Fallout: New Vegas kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Miaka miwili baadaye Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa Obsidian, alieleza hadharani kwamba mkataba uliahidi nyongeza ya malipo iwapo mchezo ungefika 85 Metacritic. Ulipata 84. Waliokuwa wameandika tahakiki zile walidhani wanatoa maoni kwa wasomaji, kumbe kila mmoja wao alikuwa anatia mkono katika mshahara wa watu asiowajua. Mwenye kusema bado kwamba alama ni maoni tu na aitafakari ile pointi moja.

Namba ina upungufu mwingine: haina wakati. Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red ya Poland ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Tahakiki za kwanza ziliandikwa kwa toleo la kompyuta, kwa sababu ndilo wahakiki walilopewa kabla ya siku hiyo, na wastani wake ukawa katika themanini na kitu. Waliocheza kwenye PlayStation 4 walikuta mchezo unakwama, sura za watu zinachelewa kujichora, programu inajifunga yenyewe. Wastani wa toleo hilo uliishia chini ya 60. Mwezi haujaisha Sony ikauondoa mchezo dukani kwake, na haukurudi hadi Juni 2021. Baadaye ulirekebishwa mara nyingi, na marekebisho makubwa ya Septemba 2023 yaliubadilisha kiasi kwamba wengi waliouacha waliurudia. Lakini namba ya Desemba 2020 imekaa palepale, kama cheti cha ubatizo.

Wapo walioona udhaifu huu wakajaribu maneno. Mwaka 2015 Eurogamer ya Uingereza iliacha alama juu ya 10. Badala yake ikaweka lebo chache: mchezo usiokosekana, mchezo unaopendekezwa, mchezo wa kuepukwa. Michezo mingine mingi haikupata lebo yoyote. Msomaji alipaswa kusoma tahakiki yenyewe. Mwanaisimu ataona mara moja kilichotokea. Mahali pasipo lebo paligeuka kuwa lebo, kama mofimu sufuri, ile isiyosikika lakini ina maana yake. Paul Grice angesema kwamba mtu akiweza kukusifu na akanyamaza, ukimya wake unasomwa. Wasomaji waliusoma kuwa «wastani». Mwaka 2023 Eurogamer ikarudi kwenye kupima, safari hii kwa nyota tano.

Kotaku ya Marekani nayo, tangu 2012, ilijaribu kujibu swali moja tu, kama mchezo huu unafaa kuchezwa, kwa majibu matatu: ndiyo, hapana, bado. Hilo jibu la tatu ndilo lililonifanya nisimame. Waingereza na Wafaransa wanahitaji maneno mawili kulisema. Sisi tunalo katika neno moja, na zaidi ya hapo tunalo ndani ya kitenzi chenyewe. «Mchezo hauivi» na «mchezo haujaiva» ni hukumu mbili tofauti: ya kwanza inafunga mlango, ya pili inauacha wazi. Katika Kiswahili cha hapa Lubumbashi wengi wanasema -ya- mahali pa -ja-, «bado haiyaiva», lakini kazi ni ileile. Nikiangalia hali ya Cyberpunk ile Desemba, sioni namba inayoieleza kama kiambishi hiki kidogo. Tena kwetu kina uzito wa pekee. Mchezo usioiva unaivishwa kwa kupakua gigabaiti nyingi, na kwa bei ya megabaiti za simu, diski iliyonunuliwa mbichi inabaki mbichi. Mhakiki mwenye intaneti ya waya nyumbani anaweza kusahau jambo hilo. Wa kwetu hawezi.

Ndipo muhula uliopita, katika kazi ya vitendo, wanafunzi watatu tulijaribu kuandika tahakiki fupi za michezo kwa Kiswahili, bila namba. Mwalimu mmoja tuliyemheshimu alituonya kwamba tutakosa maneno. Alisema kweli kwa sehemu. «Uchezaji» lilitushinda siku nzima. Waandishi wa mpira wanalitumia kwa namna mchezaji anavyocheza, kwa hiyo ukiandika «uchezaji ni mbaya» msomaji anafikiri unamtukana aliyeshika maneti. Tulichohitaji ni neno la ule mchezo unavyokubali kuchezwa. Lilikuwa mlangoni: cheza, chezeka, uchezekaji. Kiambishi -k- tunakijua katika lika, pitika, someka. «Mchezo unachezeka» ni hukumu kamili, na haina majivuno: inasema jambo linawezekana bila kusema linafurahisha. Kwa maoni yangu ndiyo tafsiri sahihi ya 6.5. Laiti ningemwambia mdogo wangu «inachezeka tu», asingetoa pesa. Lile «tu» lingemtosha.

Utajiri mwingine uko katika ngeli. Huku Kongo ka- na tu- ni hai kabisa, na mtu akisema «kako kajeu kamoya» tayari ametoa tathmini kabla ya kufika kwenye kivumishi. Tatizo ni kwamba ka- hiyo inaweza kuwa ya kubembeleza au ya kudharau. Ukisema «kajeu kamuzuri» unapenda kitu kidogo kilichotengenezwa kwa upendo. Ukisema «kajeu» peke yake, kwa sauti ya kushuka, umekizika. Katika maandishi sauti haipo. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuache ka- kabisa kwa sababu hiyo. Mimi nilipinga, na bado napinga: msomaji wa Kiswahili anajua kutafuta kivumishi kinachofuata, na kisipofuata anajua pia.

Nikubali kwamba tulishindwa mahali pengine. Kasi ya picha tuliiandika «picha kwa sekunde», na inaeleweka, lakini sifa za muziki wa mchezo zilituacha na «mzuri» na «mtamu» mpaka tukachoka. Na kuna mambo ambayo hakuna lugha inayoyasema kwa maneno. Mwaka 2020 FIFA 21 ilitoka kwenye Nintendo Switch ikiwa karibu sawa na ya mwaka uliotangulia, jezi na vikosi vipya tu. Tovuti ya IGN ikaichapa upya tahakiki yake ya mwaka uliotangulia, na alama ileile ya 2 juu ya 10. Ninawaheshimu kwa hilo; nakala ilieleza nakala.

Tulipomaliza, nilipeleka tahakiki moja Katuba, kwenye chumba ambacho vijana wanalipa kwa mechi ili wacheze mpira wa konsoli. Niliwasomea sentensi saba kuhusu mchezo ambao hawajauona, bila kutaja alama. Walisikiliza, walicheka pale pa kucheka, na mmoja akasahihisha «haujaiva» yangu ikawa «haiyaiva». Kisha mwenye chumba, ambaye ndiye anayenunua diski na kwa hiyo ndiye mwenye kupoteza pesa, akaniuliza sasa kwa jumla ni ngapi juu ya ishirini. Nikamjibu kwamba inachezeka, ila kwa megabaiti zake asiinunue kabla haijaiva. Akawaza kidogo. «Basi ni tisa,» akasema, «lakini ana deuxième session.»