Kuku Wakigonjwa: Maswali Matano ya Kumuuliza Muganga wa Nyama



Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikiwa nimetoka tu ku chuo cha kilimo, mama mumoja alinikuta siku ya soko, huku Kabare. Alisema: "Agronomu, kuku wangu wanasinzia, hawakuli tena." Sikuenda kwake kuwaangalia. Nilimuambia tu anunue vidonge vya tetrasiklini na kuvitia mu maji ya kunywa. Alinunua kwa pesa ya chumvi na sabuni. Kisha juma moja, kati ya kuku 23 walibaki 4. Ile ilikuwa minervali ya watoto wake. Akaniuliza kwa upole: "Ile dawa ilikuwa inaua nini?" Nilikosa jibu.

Nilipofika kwake, nikakuta choo cha rangi ya majani, kuku wanahema kwa shida, wengine shingo imepindika. Hizo ni alama za ugonjwa wa Newcastle. Unaletwa na virusi. Antibiotiki kama tetrasiklini inapigana na bakteria, haiui virusi. Newcastle haina dawa ya kuponyesha. Ina chanjo ya kukinga. Zaidi ya pesa, tulipoteza siku: zile siku majirani wangefungia kuku wao, badala ya kungojea dawa ifanye kazi.

Tangu pale ninaomba kila mufugaji aniulize, mimi ao muganga wa nyama, maswali haya:

1. Ni ugonjwa gani, na umeujua namna gani? Aangalie kuku, choo chao, hata apasue mumoja aliyekufa. Kwa mufano, vifaranga wakitoa choo cha damu, mara nyingi ni koksidiozi. Dawa yake si ile ya bakteria yote.

2. Dawa hii inaua nini? Akisema ni Newcastle na bado anatoa antibiotiki, aeleze sababu. Inaweza kuwapo: kuku muzaifu anashikwa pia na bakteria. Lakini ujue mbele ya kulipa kama haitaponyesha virusi.

3. Kipimo gani, kwa litre ngapi za maji, na kwa siku ngapi? "Tia kidogo" si kipimo. Tena usiachie katikati juu kuku wameanza kula: bakteria zinazobaki zinaweza kuzoea dawa.

4. Tungoje siku ngapi mbele ya kula mayai na nyama? Dawa inabaki mu mwili wa kuku. Siku za kungojea zinaandikwa ku karatasi ya dawa. Kama ni Kifaransa, umuombe akufasirie.

5. Kama ni chanjo: tarehe yake haijapita? Ilitunzwa wapi? Chanjo iliyoanikwa ku jua mu soko ni kama maji tu. Hata ile ya I-2, inayovumilia joto kidogo, inatakiwa kivuli na baridi. Inatiwa tone moja ku jicho, kwa kuku muzima, na inarudiliwa kisha miezi 3 ao 4.

Kuna wanaoogopa: "Nitamuuliza mutu aliyesoma?" Kuuliza si kumutukana. Sema: "Muganga, nisaidie nielewe, ili nifanye vizuri nyumbani." Mutaalamu wa kweli atafurahi. Na akisema "Sijui bado, acha niangalie", usimuzarau. Ni heri kuliko mimi niliyejibu mbio.

Lakini tusielewane vibaya: kuuliza si kukataa shauri la muganga na kufuata la muuzaji wa vidonge. Kama jibu halikukutosheleza, tafuta muganga mwingine. Wakati unangojea, tenga wagonjwa, zika kwa kina ao choma waliokufa, nawa mikono, na usipeleke kuku mugonjwa ku soko. Wakifa wengi kwa mara moja, pasha habari veterinere wa sekta na majirani siku ile ile.

Yule mama leo anachanja kuku wake kwa tarehe. Na kila nikimupa shauri, ananiuliza swali lile lile. Sasa ninakuwa na jibu.

Kwa mazungumzo mu kikundi:
- Mara ya mwisho ulipopewa dawa ya kuku, ulijua ilikuwa inaua nini?
- Nani mu koperative yetu ataandika tarehe za chanjo?